Tovuti Inadai Programu-jalizi ya Windows, Wewe Uko Linux au BSD: Ufuate Njia Ipi?

Ukurasa unafunguka nusu. Katikati pana kisanduku cha kijivu kinachosema: sakinisha programu-jalizi (programu ndogo inayochomekwa ndani ya kivinjari) ili uendelee. Unabofya, inashuka faili ya `.exe`. Wewe uko kwenye Linux, FreeBSD au Haiku, mifumo endeshi isiyo Windows, na faili hiyo haikusaidii chochote. Ukiuliza watu, kila mmoja ana lake: tumia Wine (inayoendesha programu za Windows bila Windows), weka mashine pepe (kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta yako), tafuta kivinjari cha zamani, au rudi tu Windows yaishe. Hakuna aliyedanganya, lakini wote wamekujibu kabla ya kuuliza programu-jalizi hiyo ina kazi gani.

Na hilo ndilo la kuanzia. Kuchora katuni ni kazi moja, kufungua video iliyotiwa kufuli ni nyingine, kutazama kamera ya ulinzi ni nyingine tena, na kutia sahihi kwa kadi yenye chipu haifanani na yoyote kati ya hizo. Katika ulinganisho huu nitazipitia kazi hizo, na msimamo wangu nauweka wazi mapema: inapowezekana kuikwepa programu-jalizi, ikwepe. Kuifufua liwe shauri la mwisho, na ukilazimika, ifufulie mbali na kompyuta unayoitegemea.

## Jua kwanza ni ipi

Fungua chanzo cha ukurasa na utafute maneno machache. Ukiona `<object>` yenye `clsid:` ndani yake, hiyo ni ActiveX. Ukiona `.swf` au `application/x-shockwave-flash`, ni Flash. `application/x-silverlight-2` inajieleza: ni Silverlight ya Microsoft. `<applet>` au faili ya `.jnlp` ni Java. Kama hakuna hata moja kati ya hizo na video inagoma, angalia konsoli ya kivinjari: kosa linalotaja `requestMediaKeySystemAccess` maana yake video imefungwa kwa DRM, kufuli la kidijitali la kuzuia kunakili. Na ukurasa ukijaribu kuzungumza na `127.0.0.1` au `localhost`, unatafuta programu msaidizi ambayo ilitakiwa iwe imesakinishwa kwenye kompyuta yako.

Kabla ya kwenda mbali, badili utambulisho wa kivinjari chako. Viko viendelezi vya kazi hiyo kwa Firefox na kwa jamii yote ya Chromium (msingi huria ambao Chrome imejengwa juu yake). Tovuti kadhaa hazihitaji kitu chochote. Zina msimbo wa zamani unaosoma jina la mfumo, ukikuta "Linux" au "FreeBSD" unafunga mlango. Ukijitambulisha kama Chrome ya Windows, mlango unafunguka na kila kitu kinafanya kazi. Weka uongo huo kwa tovuti ile moja tu. Ukiuacha kwa tovuti zote, wenye tovuti wakihesabu wageni wao hutakuwemo, na mwaka ujao watasema tena kwamba hakuna anayetumia mfumo wako.

Kama utambulisho haukusaidia, elewa kwa nini kivinjari cha leo hakina hata tundu la kuchomeka programu-jalizi hizi. NPAPI, njia ya kuchomeka programu-jalizi kwenye kivinjari, ililetwa na Netscape Navigator 2.0 katikati ya miaka ya 1990, na Microsoft ikaleta ActiveX pamoja na Internet Explorer 3.0 mwaka 1996. Zote mbili ziliruhusu msimbo wa mtu mwingine kuendeshwa ndani ya kivinjari ukiwa na mamlaka karibu yote ya mtumiaji. Kasoro moja ndani ya programu-jalizi ilitosha kuiachia kompyuta nzima wazi. Chrome ya Linux ilizima NPAPI kwenye toleo la 35 mwaka 2014, mifumo mingine ikafuata kwenye toleo la 45 mwaka 2015. Firefox 52 ya Machi 2017 iliacha Flash peke yake, na Firefox 85 ya Januari 2021 ikaondoa hata hiyo. Kwa hiyo maelekezo mengi ya zamani utakayoyakuta, yale ya kunakili faili ya `.so` kwenye folda ya `plugins`, hayana pa kushika tena.

## Flash: uamuzi mwepesi kuliko yote

Flash ndiyo iliyowatesa zaidi watu wa mifumo mbadala, na leo ndiyo yenye jibu zuri zaidi. Mwaka 2012 Adobe ilitangaza kwamba toleo la 11.2 litakuwa la mwisho kwa vivinjari vya NPAPI kwenye Linux. Kuanzia hapo ni marekebisho ya usalama tu, na anayetaka vipya atumie Chrome. Mwaka 2016 ikabadili nia na kurudi. Tarehe 31 Desemba 2020 ikaacha kabisa, na kuanzia 12 Januari 2021 Flash Player yenyewe ikakataa kucheza chochote. Watumiaji wa FreeBSD hawakuwahi kupata toleo lao: waliendesha lile la Linux kupitia tabaka la upatanifu, wakiliunganisha na kivinjari kwa `nspluginwrapper`.

Juhudi za programu huria hazikukosekana. Gnash, ya mradi wa GNU, ilicheza vizuri faili za zamani lakini ikakwama mbele ya ActionScript 3, lugha ya kuandikia Flash iliyokuja na Flash Player 9 mwaka 2006. Lightspark ilianza upande ule mwingine, na ActionScript 3. Mozilla ilianzisha Shumway mwaka 2012 na kuiacha mwaka 2016. Zote zilikuwa zikifukuza kitu kinachokimbia, maana Adobe ilikuwa bado inaongeza mambo. Ruffle ilikuja kushamiri baada ya Flash kusimama, na nadhani hiyo ni sehemu kubwa ya siri ya mafanikio yake.

Ruffle imeandikwa kwa Rust na inaendeshwa ndani ya kivinjari kupitia WebAssembly, yaani chini ya ulinzi uleule unaokizunguka kivinjari chenyewe. Unaweza kuiweka kama kiendelezi, au kuiendesha peke yake kwenye kompyuta kwa kuifungulia faili ya `.swf`. Internet Archive inaitumia tangu Novemba 2020 kuchezesha hazina yake ya Flash. Kwa katuni, michezo ya zamani na masomo ya kubofya-bofya, usihangaike na njia nyingine.

Udhaifu wake utauona kwenye mifumo mikubwa ya ActionScript 3, hasa ile iliyojengwa kwa Flex (zana ya kujengea programu za Flash) ili kuzungumza na seva ya ofisi. Hapo una njia mbili. Kama ni faili tu, Adobe iliwahi kutoa kichezeshi kinachojitegemea kwa Linux, kisichopitia kivinjari, na hicho hakina ile tarehe ya kujizima. Kama ni mfumo unaoishi ndani ya kivinjari, itabidi kivinjari cha zamani chenye Flash ya zamani. Pale Moon bado inakubali NPAPI, na faili ya `mms.cfg` inaweza kuiambia Flash iruhusu anwani fulani tu. Njia hii naikubali kwa mtandao wa ndani pekee, ndani ya mashine pepe isiyofika intaneti. Kivinjari chenye Flash kutembea nacho mtandaoni leo ni kujitafutia balaa.

## Video zilizofungwa: programu-jalizi ilibadili jina tu

Microsoft ilitoa Silverlight mwaka 2007, na huduma za filamu zikaipenda kwa sababu ilikuja na kufuli lake. Watu wa Linux walipewa Moonlight, iliyotengenezwa na Novell kwa makubaliano na Microsoft yenyewe. Microsoft ilitoa hata kodeki, visimbuzi vya video na sauti. Kitu kimoja haikutoa: kufuli. Moonlight ikawa inacheza mifano mizuri ya Silverlight lakini haiwezi kucheza filamu ambazo ndizo watu walizitaka, na ikaachwa bila kelele.

Mwaka 2013 ikaja Pipelight, ambayo ilitumia werevu wa aina nyingine kabisa. Badala ya kuiandika Silverlight upya, iliendesha ileile ya Windows ndani ya Wine iliyofanyiwa marekebisho, kisha ikaipitisha picha hadi kwenye kivinjari cha Linux. Netflix ikaonekana kwenye Linux. Ukizilinganisha mbili hizi unaona kwa nini kuandika upya hakufui dafu mbele ya DRM. Flash ilikuwa lugha, na lugha unaweza kujifunza. Silverlight ilikuwa na siri, na siri unaweza tu kuibeba ilivyo. Pipelight nayo ilikufa vivinjari vilipofunga NPAPI. Silverlight yenyewe iliondolewa msaada tarehe 12 Oktoba 2021.

Kilichochukua nafasi yake ni EME, kiwango cha kuchezea video zilizofungwa ndani ya kivinjari, kilichopitishwa na W3C (shirika la viwango vya wavuti) Septemba 2017 huku EFF, shirika la kutetea haki za kidijitali, likijiondoa kwenye W3C kwa hasira. EME ni mlango tu. Nyuma yake lazima awepo mtunza ufunguo, na kwa mifumo mbadala mtunza ufunguo huyo karibu kila mara ni Widevine ya Google. Widevine ni faili iliyofungwa, isiyo na chanzo, inayopakuliwa na kivinjari. Ni programu-jalizi iliyobaki, ingawa hakuna anayeiita hivyo.

Hapa ndipo mfumo unaoutumia unapoamua karibu kila kitu.

Kwenye Linux ya kawaida ya x86-64 (vichakataji vya Intel na AMD), hakuna kazi. Chrome inakuja nayo. Firefox inaomba ruhusa yako, kisha inaipakua. Chromium ya hazina za usambazaji wako mara nyingi haina, na hili huwachanganya watu wanaodhani Chrome na Chromium ni kitu kimoja. Netflix ilikubali Chrome ya Linux rasmi tangu 2014. Ila usitarajie ubora wa juu kabisa: kwenye Linux za mezani Widevine hufanya kazi kwa ngazi ya L3, yaani kufuli linafunguliwa na programu badala ya maunzi, na huduma nyingi hushusha ubora wa picha kwa sababu hiyo. Ukinunua skrini ya 4K kwa ajili ya filamu za aina hii, itumie na kifaa kingine.

Kwenye Linux inayotumia maktaba ya msingi ya musl, kama Alpine, Widevine haipakii kwa sababu imejengwa kwa glibc, maktaba ya msingi ya Linux nyingi. Suluhisho la maana ni kuchukua kivinjari cha Flatpak, mfumo wa kusambaza programu zikiwa zimefungashwa, kwa kuwa Flatpak inakuja na maktaba zake. Kwenye vichakataji vya ARM kulikuwa na ukame mrefu. Watu walichomoa Widevine kutoka picha za ChromeOS, hadi mwaka 2021 Raspberry Pi OS ilipoiweka kwenye hazina yake. Watu wa Asahi Linux, kwenye Mac za Apple Silicon, walilazimika kutengeneza kisakinishi chao kwa kufuata njia hiyohiyo.

FreeBSD haina Widevine yake, lakini ina tabaka la Linux. Unaweka mazingira ya Ubuntu ndani ya folda, unaendesha humo Chrome au ndugu yake ya Linux, na filamu zinacheza. Inafanya kazi, ila kila sasisho kubwa la kivinjari linaweza kukulazimisha kurekebisha upya. OpenBSD iliondoa tabaka lake la Linux kwenye toleo la 6.0 mwaka 2016, kwa hiyo njia hiyo imefungwa kabisa, na ukiwafahamu watu wa OpenBSD utajua kwamba hawajutii. Haiku nayo haina Widevine.

Kwa hiyo kama filamu za kulipia ni sehemu ya maisha yako, Linux ya x86-64 yenye glibc iko mbele ya mifumo mingine yote mbadala kwa umbali mkubwa. FreeBSD ni ya pili kwa mtu mvumilivu. Kwa wengine wote, simu au kisanduku cha televisheni kitakusumbua kidogo kuliko ukaidi.

## Java: itoe nje ya kivinjari

Hapa sitakaa sana. Oracle ilitangaza kuiacha programu-jalizi ya Java kwenye JDK 9 (JDK ni kifurushi cha Java) na kuiondoa kabisa kwenye JDK 11 mwaka 2018. Tofautisha mambo mawili. Kama tovuti inakupa faili ya `.jnlp`, umepona: ipakue na uifungue kwa OpenWebStart au IcedTea-Web, ambazo zote ni huria na hazihitaji kivinjari. Kama ni `<applet>` iliyomo ndani ya ukurasa, jaribu CheerpJ, inayoendesha Java ndani ya kivinjari kwa JavaScript na WebAssembly. Ina kiendelezi cha Chrome kwa ajili ya kazi hiyo. Kwa applet za masomo ya fizikia na hisabati, ijaribu hii kwanza.

Wanaoteseka kweli ni wasimamizi wa seva, ambao paneli za mashine za zamani zinafungua skrini ya mbali kwa Java. Tatizo kwao kwa kawaida ni sahihi iliyochakaa kuliko programu-jalizi yenyewe: tangu Aprili 2017 Java inazikataa faili za JAR (vifurushi vya programu za Java) zilizotiwa sahihi kwa MD5, mbinu ya zamani isiyo salama tena. Unaweza kulegeza orodha ya `jdk.jar.disabledAlgorithms` kwenye nakala ya zamani ya Java iliyomo ndani ya kontena (chumba kilichotengwa na mfumo), usiiguse ile ya mfumo mzima. Lakini jiulize kwanza kama unahitaji picha. Ikiwa mashine ina IPMI 2.0, kiwango cha kusimamia seva kwa mbali, `ipmitool` itakupa konsoli ya maandishi kupitia mtandao bila Java wala kivinjari, na kwa kurekebisha seva iliyogoma kuwaka hiyo mara nyingi inatosha.

## ActiveX: hapa ndipo penye kazi

ActiveX ni ya Windows kwa asili yake. Si faili inayosomwa. Ni kipande cha Windows kinachochomekwa kwenye Windows. Korea Kusini ndiyo iliyoonja uchungu wake kuliko nchi nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Marekani ilizuia kusafirisha usimbaji fiche wenye nguvu, vivinjari vya nje vikabaki na funguo dhaifu za biti 40. Wakorea wakatengeneza usimbaji wao, SEED, na kwa kuwa vivinjari havikuujua, wakausambaza kwa ActiveX. Sheria ya sahihi za kidijitali ya 1999 ikafunga ndoa hiyo. Marekani ililegeza vizuizi mwaka 2000, lakini benki, maduka na ofisi za serikali zilikuwa zimeshazama, na vyeti maalumu vya sahihi hizo vilipoteza hadhi yao ya kisheria Desemba 2020 tu. Miaka 20 hivi ya watu wa Linux na Mac kuweka Windows ili walipe bili.

Leo ActiveX unaikuta kwenye kamera za ulinzi na visanduku vya kurekodi, kwenye mitambo ya viwandani, na kwenye mifumo ya ofisi ambayo aliyeiandika ameshastaafu. Njia zinazotajwa ni tatu, na nimeziweka pamoja (kompyuta ya mbali ni Windows iliyoko kwingine, unayoiona kwenye skrini yako):

| | Wine | Mashine pepe | Kompyuta ya mbali |
|---|---|---|---|
| Uzito kwako | mdogo | RAM na diski nyingi | karibu sifuri |
| Leseni ya Windows | hapana | ndiyo | ndiyo, kule iliko |
| Uwezekano wa kufaulu | bahati nasibu | mkubwa | mkubwa |
| Kadi na vifaa vya USB | matatizo | hupitishwa ndani | inategemea usanidi |
| Mambo yakiharibika | unaanza upya | unarudi hali iliyohifadhiwa | anashughulika mwenye mashine |

Wine inavutia kwa sababu ni huria na nyepesi. Ina injini yake ya kuonyesha kurasa kwa niaba ya Internet Explorer, na kwa `winetricks` unaweza hata kuweka Internet Explorer 8 halisi. ActiveX ndogo isiyogusa kitu cha ndani inaweza kukubali. Lakini nyingi za kweli, hasa za usalama, hujaribu kusakinisha viendeshi vya ndani kabisa ya mfumo: vya kulinda kibodi, vya kusoma tokeni. Wine imejengwa kwa ajili ya programu za kawaida, na viendeshi vya namna hiyo humshinda hata mtaalamu. Mimi huipa Wine jioni moja. Isipokubali jioni hiyo, naiacha.

Mashine pepe ndiyo jibu la uhakika kwa anayehitaji mara kwa mara. KVM, injini ya mashine pepe, imo ndani ya keneli (kiini) ya Linux tangu 2007, na GNOME Boxes au `virt-manager` zinakupa madirisha ya kubofya. FreeBSD ina `bhyve`, inayoweza kuendesha Windows. Ndani yake tumia Edge kwa hali ya Internet Explorer: Internet Explorer 11 yenyewe ilistaafishwa 15 Juni 2022, lakini Microsoft imeahidi hali hiyo angalau hadi 2029, nayo inakubali ActiveX. Edge ya Linux ipo tangu 2021, ila usidanganyike na jina: hali hiyo haimo, kwa kuwa inaegemea vipande vya Windows yenyewe. Windows 11 inadai GB 4 za RAM, GB 64 za diski na TPM 2.0 (chipu ya usalama), hiyo ya mwisho QEMU, programu inayoshirikiana na KVM, huiigiza kwa `swtpm`. Kwa jaribio la muda, Microsoft hutoa toleo la tathmini la siku 90.

Baada ya kusakinisha, kabla ya kuiweka ile ActiveX, hifadhi hali ya mashine. Hili ndilo linaloifanya mashine pepe iishinde Windows ya kuwasha upya kwenye diski ya pili: vipande hivi havijui kujiondoa, na kurudi hali safi ni kubofya mara moja.

Kompyuta ya mbali, kwa Remmina au FreeRDP, ndiyo ningeichagua kwa ofisi yenye watu wengi na mfumo mmoja mkongwe. Mashine moja inabeba uchafu wote, inafungiwa isifike popote isipokuwa kwenye mfumo huo, na kila mtu anaingia kutoka mfumo wake.

Lakini kwa kamera, usichague yoyote kati ya hizo tatu kabla ya kujaribu njia ya nne, ambayo haimo kwenye jedwali kwa sababu haina shindano. ActiveX ya kamera kwa kawaida ni kichezeshi cha video tu. Kamera nyingi za mtandao zinatoa mkondo wa video wa H.264 au H.265 kupitia RTSP (itifaki ya kurusha video), kawaida kwenye mlango 554, na VLC, `mpv` au `ffplay` zinausoma moja kwa moja kwenye Linux na BSD. Kinachosumbua ni njia inayofuata baada ya anwani, kwa kuwa kila mtengenezaji ana yake. Hapo ndipo ONVIF inaposaidia: kiwango kilichoanzishwa mwaka 2008 na Axis, Bosch na Sony, kinachoiwezesha programu kuiuliza kamera yenyewe mkondo wake uko wapi. Ukishaupata, programu kama ZoneMinder itarekodi pia. Angalia vilevile kama kuna programu dhibiti mpya ya kamera. Matoleo mapya mara nyingi yana ukurasa unaofunguka kwenye kivinjari chochote. Utabaki kuihitaji ActiveX labda kwa kuchora eneo la kuhisi mwendo, na hilo unalifanya siku moja kwenye kompyuta ya kuazima, basi.

## Zile zinazotafuta `localhost`

Programu-jalizi zilipokufa, benki na ofisi za umma sehemu nyingi hazikuacha tabia. Zilihamia kwenye programu ndogo inayokaa kwenye kompyuta yako na kusikiliza mlango fulani, ukurasa ukizungumza nayo kwa JavaScript. Kwa mtumiaji wa Linux hii ni afadhali kuliko ActiveX, kwa kuwa mara nyingine hutolewa `.deb` au `.rpm`. Kama usambazaji wako si ule uliolengwa, Distrobox itakupa Ubuntu au Fedora ndani ya kontena, na programu itajiona iko nyumbani. Kama ni ya kutia sahihi kwa kadi, hakikisha kwanza kadi inasomeka kwa OpenSC, zana huria za kusoma kadi zenye chipu, nje ya kivinjari. Ikisomeka, huenda usihitaji programu yao kabisa, maana Firefox inaweza kupakia moduli ya PKCS#11 (kiwango cha kuzungumza na kadi) na kuingia kwenye tovuti inayoomba cheti. Isiposomeka, programu yao nayo huenda isisaidie, na utakuwa umejiokolea mchana mzima.

Nisichokishauri ni kuiweka programu ya namna hii kwenye akaunti yako ya kila siku. Inasikiliza muda wote, ina chanzo kilichofungwa, na baadhi hujiongezea cheti chao kwenye orodha ya vyeti vinavyoaminiwa na mfumo. Itengenezee mtumiaji wake au mashine pepe yake.

Kwa OpenBSD chaguo linapungua hadi moja. `vmm`, injini yake ya mashine pepe, haikuletei Windows yenye skrini, tabaka la Linux halipo, na `.deb` haina maana. Haiku haiko mbali na hapo. Kompyuta ya mbali ndiyo njia, na haina ubaya: FreeRDP na Remmina zimo kwenye hazina ya OpenBSD, na Windows inayohitajika inaweza kuwa mashine pepe kwenye seva ndogo ya Linux hapohapo ndani, inayowashwa siku ya kazi hiyo na kuzimwa ikiisha.